Kedorlaoma Mfalme wa Elamu, na Kamba ya Kiatu

SOMO KWA MAKUNDI YOTE YA MAOMBI
Kusoma kwanza: Mwanzo 14:1-24, Kumbukumbu la Torati 22:1-3, Yeremia 49:34-39, Matendo 2:1-11



Katika somo hili tunajifunza utawala wa mfalme mmoja wa zamani ambaye Biblia inamtaja katika sura moja tu, kisha inamwacha. Anaitwa Kedorlaoma, mfalme wa Elamu. Mara nyingi tukifika Mwanzo sura ya 14 tunaruka majina yale magumu ya wafalme ili tufike upesi kwa Melkizedeki. Tusiruke. Roho Mtakatifu hakuandikisha majina yale bure. Sisi watu wa Sake, wa Masisi na wa Walikale tunayo sababu ya kuyasoma polepole, kwa maana ndani yake mna mambo tunayoyajua: kodi ya mwenye silaha, kukimbia, nyumba kuporwa, ndugu kuchukuliwa, na mwisho siku ya kurudi, watu wanapoulizana: mali hii ni ya nani?

Neno kuu la somo ni hili: Mungu alimpa Abramu ushindi juu ya mfalme wa Elamu, lakini ushindi uliokuwa mkubwa kuliko ule ni kwamba Abramu alirudi nyumbani mikono mitupu.

I. ELAMU ILIKUWA NCHI GANI?

Elamu ilikuwa mashariki ya Babeli, upande ambao leo ni kusini-magharibi ya Irani. Mwanzo 10:22 inatuambia kwamba Elamu alikuwa mwana wa Shemu. Mji wake mkubwa ulikuwa Shushani. Ni mji ule ule alimokuwa Nehemia alipopata habari mbaya za Yerusalemu (Nehemia 1:1), ule Esta alimofanywa malkia, na ule Danieli alimojiona katika maono, kando ya mto Ulai (Danieli 8:2). Mabaki yake yapo hata leo, na mji ulio pale unaitwa Shush.

Waelami walikuwa hodari wa upinde. Isaya 22:6 inataja podo lao, na Yeremia 49:35 inataja upinde wao kuwa ndio nguvu yao. Walikuwa na lugha yao wenyewe, isiyofanana na ya Wababeli, nao waliiandika juu ya vibao vya udongo. Mara nyingi walishuka kupigana na miji ya bondeni, kando ya mito Frati na Hidekeli. Karibu mwaka 2004 kabla ya Kristo waliuteka mji wa Uru, wakamkamata mfalme wake Ibbi-Sin, wakamchukua mfungwa mpaka Elamu. Wataalamu wengi wanaona kwamba huo ndio Uru ambao Tera aliuacha pamoja na Abramu mwanawe (Mwanzo 11:31). Basi watu wa nchi ya Abramu walilijua jina la Elamu, nao hawakulisikia kwa furaha.

Miaka mingi baadaye, karibu mwaka 1158 kabla ya Kristo, mfalme mwingine wa Elamu aitwaye Shutruk-Nahhunte aliingia nchi ya Babeli, akabeba mpaka Shushani mawe ya ukumbusho ya wafalme wa kale. Juu ya jiwe la mfalme Naram-Sin aliandika jina lake mwenyewe. Miongoni mwa mawe yaliyobebwa lilikuwamo jiwe jeusi la sheria za mfalme Hammurabi. Jiwe hilo limeandikwa kwamba mnyang'anyi akikamatwa auawe, nalo lenyewe likanyang'anywa! Safu za chini zilisuguliwa ili pawekwe maneno mengine, lakini hapakuandikwa kitu. Pamebaki laini hivyo hivyo. Wachimbaji wa Kifaransa walilikuta Shushani katika miaka 1901 na 1902, na leo liko Paris, katika jumba la Louvre. Ndugu msomaji, kumbuka mahali pale palipofutwa. Mwenye nguvu anaweza kufuta haki ya mwenziwe, lakini si rahisi aandike yake mahali pake.

Sasa tuangalie jina la Kedorlaoma. Limeungwa kwa vipande viwili. Cha kwanza, Kudur au Kutir, kimo katika majina ya wafalme wa Elamu. Mwana wa Shutruk-Nahhunte aliitwa Kutir-Nahhunte. Cha pili ni Lagamari, mmoja wa miungu iliyoabudiwa Shushani. Kwa Kiakadi, lugha ya Wababeli, jina hilo maana yake ni «asiye na huruma». Katika orodha za wafalme wa Elamu zilizopatikana mpaka sasa jina la Kedorlaoma halimo. Limekaa katika Biblia tu. Mfalme aliyewatisha wafalme wenzake anakumbukwa duniani kwa sababu aligusa mtoto wa ndugu yake Abramu.

II. MIAKA 12 YA KUTUMIKIA

Mwanzo 14:4-5 inatupa utawala wote wa Kedorlaoma katika nchi ya bondeni kwa hesabu ya miaka: miaka 12 walimtumikia, mwaka wa 13 waliasi, mwaka wa 14 alikuja. Tuchunguze jinsi alivyotawala.

Kwanza, alitawala kutoka mbali. Kutoka Shushani mpaka Bahari ya Chumvi ni zaidi ya kilomita 1000. Mfalme mwenyewe hakukaa Sodoma. Kilichokaa Sodoma ni kodi yake.

Pili, alitawala kwa kuwatumia wafalme wengine. Pamoja naye walikuwa Amrafeli wa Shinari, Arioko wa Elasari na Tidali wa Goimu. Vibao vilivyochimbuliwa katika mji wa Mari, nchi ya Siria, vinaonyesha desturi hiyo: wakati wa Hammurabi wafalme wa nchi za mito miwili walimwita mtawala wa Elamu «baba», na wao wakajiita wana wake. Mkubwa ana wakubwa chini yake, na hao wana wadogo chini yao, lakini mwishoni kabisa yuko mkulima anayetoa gunia lake.

Tatu, alitawala kwa kushika barabara. Soma majina ya mahali katika mstari wa 5 na wa 6: Ashteroth-Karnaimu, Hamu, Shawe-Kiriathaimu, mlima Seiri, mpaka El-Parani. Ukiyafuata unashuka kutoka kaskazini mpaka kusini, upande wa mashariki wa Yordani, juu ya njia ambayo Hesabu 20:17 inaiita njia kuu ya mfalme. Ndiyo njia ya misafara ya biashara. Na bondeni palikuwa na utajiri: nchi yenye maji kama bustani ya Bwana (Mwanzo 13:10), na lami, ambayo watu wa zamani walijengea matofali (Mwanzo 11:3).

Wapendwa, hapa hatuhitaji mwalimu kutoka mbali. Sake yetu ni njia panda. Barabara moja inakwenda Goma, kilomita 25 hivi. Moja inapanda Mushaki kwenda Masisi, mpaka kwenye koltani ya Rubaya na mbele kuelekea Walikale. Moja inafuata ziwa kwenda Minova na Bukavu. Maharagwe, viazi, maziwa, jibini, makala, vyote vinapita hapa. Ndiyo maana kila aliyetaka kutawala milima hii alitaka kushika Sake kwanza. Nasi tunajua maana ya kutumikia. Tunajua bariera, na tunajua jetoni, ile karatasi ndogo inayoonyesha kwamba umelipa mwezi huu, na mwezi ukiisha unalipa tena. Kijana anayeshuka na chukudu ya makala analipa juu, analipa katikati, analipa chini. Akifika sokoni amebaki na jasho.

Sasa tafuta katika sura yote ya 14 jambo moja jema ambalo Kedorlaoma aliwatendea watu wa bondeni katika miaka ile 12. Hakuna. Haikuandikwa kwamba alimwamulia mjane, wala kwamba alichimba kisima. Utawala wa namna hiyo unaonekana mkubwa, lakini hauna mizizi. Ndiyo sababu Biblia inauhesabu miaka kama mfungwa anavyohesabu miaka yake.

III. MWAKA WA 14

Wafalme wanne walipigana na watano katika bonde la Sidimu. Wafalme wa Sodoma na Gomora walikimbia, na kwa kuwa bonde lilijaa mashimo ya lami, watu wakaanguka humo. Wengine wakakimbilia mlimani. Sisi tunaokaa karibu na volkano tunaelewa. Kati ya Sake na Goma kuna mabonde madogo yenye mazuku, hewa mbaya isiyoonekana inayotoka ardhini, na mtu akishuka humo bila kujua anakufa. Wakati wa vita adui si mmoja. Mtu anakimbia bunduki, anaangukia shimo.

Kisha mstari wa 11 unasema kwamba washindi walichukua mali yote na vyakula vyote. Angalia vizuri: hata vyakula. Na mstari wa 12 unasema walimchukua Lutu pamoja na mali yake. Lutu hakuwa askari. Hakuwa mfalme aliyeasi. Alikuwa mkaaji tu, naye akachukuliwa pamoja na wengine. Hivyo ndivyo vita vinavyofanya mpaka leo: wanaoasi ni wengine, wanaotozwa ni wengine, na wanaobeba mizigo kichwani kwenda kambini ni wengine.

IV. ABRAMU ANAKWENDA

Mtu mmoja aliyeponyoka alimletea Abramu habari, pale kwenye mialoni ya Mamre. Abramu alikuwa na sababu nyingi za kukaa kimya. Wachungaji wake na wa Lutu waligombana juu ya malisho, hata ikabidi watengane (Mwanzo 13:7-9). Lutu alijichagulia sehemu nzuri, akamwachia Abramu milima. Wengi wetu tungesema: alijitakia mwenyewe. Abramu hakusema. Alisikia kwamba ndugu yake ametekwa, basi. Hakuuliza nani alikosea katika mambo ya ng'ombe.

Tena hakwenda na watu wa jamaa yake peke yao. Alikuwa na vijana 318 waliozaliwa nyumbani mwake, na pamoja nao Mamre, Eshkoli na Aneri. Hao walikuwa Waamori, watu wa kabila lingine na lugha nyingine. Hapa somo linatugusa sana. Mwezi wa Machi 1993 vita vya makabila vilianzia sokoni Ntoto, huko Walikale, vikaenea Masisi yote. Watu waliokuwa wakiuziana chumvi na ndizi wakawindana. Watoto waliozaliwa mwaka ule leo ni wazazi, na bado wengine wanafundishwa nani asiketi na nani. Baba wa imani aliwaokoa ndugu zake akiwa ameungana na majirani wa kabila lingine. Anayesema kwamba Mungu wa Abramu ni wa kabila lake tu, hajaisoma sura hii.

Walisafiri kutoka Hebroni mpaka Dani, karibu kilomita 200, wakapiga usiku, wakawafukuza mpaka Hoba, kaskazini ya Dameski. Abramu akarudisha mali yote, na Lutu, na wanawake, na watu.

Vijana, tusikilizane hapa. Mtu asiichukue sura hii akasema: Abramu alikuwa na silaha, nami niende porini. Tazama Abramu alifanya nini baada ya kushinda. Hakubaki Dani akafunga kamba barabarani ili wapitao walipe. Hakuiambia miji mitano: kodi mliyompa Kedorlaoma sasa mnipe mimi. Alirudi Mamre kwenye mahema yake. Lakini sisi, katika milima yetu, tumewaona wangapi waliotoka wakisema wanakwenda kulinda kijiji, na baada ya mwaka mmoja bariera ni yao? Walimfukuza Kedorlaoma, wakakaa katika kiti chake. Tena Bwana wetu Yesu alimwambia Petro aurudishe upanga wake, kwa kuwa waushikao watakufa kwa huo (Mathayo 26:52). Na nchi yetu imeona nabii aliyeshika neno hilo. Simon Kimbangu alianza kuponya wagonjwa Nkamba mwezi wa Aprili 1921. Mwezi wa Septemba mwaka ule alijitoa mwenyewe akakamatwa, bila kuwaruhusu watu wake wapigane. Alihukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Akafa gerezani Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Waliomfunga walikuwa na bunduki zote. Utawala wao katika nchi hii uliisha mwaka 1960, na jina la nabii bado linaitwa.

V. WAFALME WAWILI KATIKA BONDE MOJA

Abramu aliporudi alikutana na wafalme wawili. Melkizedeki, mfalme wa Salemu na kuhani wa Mungu Aliye Juu Sana, alileta mkate na divai kwa watu waliochoka, akambariki. Alitoa kabla ya kupewa kitu. Mfalme wa Sodoma yeye alianza kwa kuomba: nipe watu, mali uchukue wewe.

Neno la mfalme wa Sodoma linaonekana kuwa la haki. Desturi ya vita ilimpa mshindi mali yote. Abramu hangevunja sheria ya mtu yeyote. Lakini alimjibu kwamba amemwinulia Bwana mkono wake, hatachukua uzi wala kamba ya kiatu, ili mfalme wa Sodoma asije akasema kwamba yeye ndiye aliyemtajirisha Abramu.

Tufahamu jambo moja ambalo wengi wanalipita. Abramu alimpa Melkizedeki fungu la kumi la vyote, nayo Waebrania 7:4 inasema lilikuwa la nyara. Basi mtu atauliza: kama baba yetu Abramu alitoa fungu la kumi la nyara, mimi nikileta kanisani fungu la kumi la vitu nilivyookota wakati wa vita, je, si nimetakaswa? Ndugu, hesabu vizuri. Abramu alitoa moja kwa kumi. Yale tisa yalikwenda wapi? Yalirudi kwa wenyewe. Ukiondoa chakula walichokwisha kula vijana, na sehemu ya wale rafiki watatu, hakubaki na kitu. Anayeleta moja na kuficha tisa hakumfuata Abramu. Amemfuata mfalme wa Elamu, ila amepitia kanisani.

Tena tuone huruma ya Abramu. Alisema chakula walichokula vijana kisihesabiwe, na sehemu ya Mamre na wenzake wapewe. Nadhiri yake ilikuwa yake; hakuwafunga wengine kwayo, wala hakuwalaumu wenye njaa.

VI. SISI TUFANYE NINI?

Mambo haya si ya zamani. Sake imehama na kurudi mara nyingi. Ilikuwa hivyo Novemba 2012. Februari 2024 vita vilipofika karibu na mji, wengi wetu tulikimbilia Mugunga, Bulengo na Lushagala. Januari 2025 vita viliingia Sake yenyewe, kisha Goma, na mwezi uliofuata makambi yakaachwa, watu wakashika njia ya kurudi. Wengi walikuta nyumba bila milango na bila manjanja. Wengine walikuta manjanja yao, lakini juu ya nyumba ya jirani. Jirani naye anasema: niliyanunua. Na yawezekana kweli aliyanunua, kwa bei ndogo, asiulize yalitoka wapi.

Sisi mashemasi tunaopokea matoleo hatuna mzani wa kupima pesa ni ya damu au ni ya jasho. Lakini Mungu anao. Kwa hiyo tunashauri hivi, kama Neno linavyofundisha:

1. Kilicho mkononi mwako na mwenyewe anajulikana, mrudishie. Usingoje akuombe. Walawi 6:4-5 inaagiza kurudisha chenyewe na kuongeza sehemu ya tano. Ukirudisha mbuzi watano, ongeza wa sita. Zakayo alizidisha mpaka mara nne (Luka 19:8).

2. Kama mwenyewe bado yuko mbali, kitunze. Kumbukumbu la Torati 22:2 inasema kwamba ng'ombe wa ndugu aliyepotea, ikiwa ndugu hayuko karibu, umkalishe kwako mpaka atakapomtafuta. Kutunza si kumiliki. Shamba la jirani aliyekimbia unaweza kulilima lisigeuke pori, lakini mbele ya mashahidi, na siku akifika unaondoka.

3. Aliyekula maharagwe ya shamba lililoachwa kwa sababu watoto walikuwa wanalia, tusimpige mawe. Mithali 6:30-31 inasema watu hawamdharau mwizi aliyeiba kwa njaa, lakini inasema pia kwamba atalipa. Akipata, alipe kidogo kidogo. Huyo si sawa na aliyepakia vitanda vya watu katika gari.

4. Usinunue kitu cha bei ndogo kupita kiasi bila kuuliza. Godoro linalouzwa usiku lina mwenyewe anayelala chini.

5. Anayeona haya kurudisha mchana, aje kwa mzee wa kanisa au kwa shemasi, kitu kirudishwe kwa mkono wa kanisa bila kutaja jina. Na anayerudishiwa asifanye msako wa kumjua. Ashukuru Mungu.

6. Katika maombi na katika maono tusitafute kuambiwa jeshi gani litashinda. Tumwombe Roho atuonyeshe kitu cha nani kiko chini ya kitanda chetu.

Mtu atasema: mimi niliibiwa vyote, na hakuna aliyenirudishia hata sufuria, kwa nini nianze mimi? Ndugu, maneno yako ni ya uchungu, nasi hatuyacheki. Lakini mmoja asipoanza, Sake yote itakuwa soko la vitu vilivyoibwa, kila mtu akilala chini ya manjanja ya mwenzake na kila mtu akimwogopa mwenzake. Kedorlaoma akiisha kwenda zake, atakuwa amebaki ndani yetu. Abramu naye alirudi mikono mitupu kwenye hema lake, na usiku ukaingia. Lakini fungua ukurasa unaofuata, Mwanzo 15:1. Baada ya mambo hayo neno la Bwana lilimjia katika maono, likimwambia asiogope, kwa kuwa Mungu mwenyewe ni ngao yake na thawabu yake. Mikono iliyokataa kamba ya kiatu ilikuwa na nafasi ya kupokea ahadi ya nyota.

VII. MWISHO WA ELAMU

Elamu iliishaje? Karibu mwaka 647 kabla ya Kristo, Ashurbanipal mfalme wa Ashuru aliubomoa Shushani na kubeba hazina zake. Waliopora wakaporwa. Ezra 4:9-10, inayomwita mfalme huyo Asnapari, inaonyesha kwamba watu wa Shushani, Waelami, walihamishwa wakawekwa katika miji ya Samaria. Wao nao wakajua ukimbizi. Yeremia 49 inatangaza upinde wa Elamu kuvunjwa, na watu wake kutawanywa kwa pepo nne.

Lakini soma mpaka mstari wa mwisho, wa 39. Hapo Mungu anaahidi kwamba katika siku za mwisho atawarudisha wafungwa wa Elamu. Ni ahadi ya ajabu, kwa taifa lililomwabudu «asiye na huruma». Na sasa fungua Matendo 2:9. Siku ya Pentekoste, Roho aliposhuka, watu waliosikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha zao wenyewe ni akina nani? Waparthi, Wamedi, na Waelami! Watu wa nchi ya Kedorlaoma walisimama Yerusalemu pamoja na wana wa Abramu, wakasikia Neno moja, na hakuna aliyemdai mwenzake jetoni.

Sisi tunaojiita watu wa Roho tusimame hapo. Inawezekana mtoto wa mtu aliyetuvunjia mlango ataingia siku moja katika ibada yetu, avue viatu, apige magoti. Siku hiyo tusimtazame kwa jicho la miaka 12 ya kutumikia. Tumtazame kwa jicho la Pentekoste.

MASWALI KWA MAKUNDI

1. Ni mambo gani matatu yanayoonyesha jinsi Kedorlaoma alivyotawala? Tunayaona wapi kwetu?
2. Kwa nini Abramu alimwokoa Lutu ingawa walikuwa wametengana?
3. Yale mafungu tisa yalikwenda wapi? Jibu hili linatuambia nini juu ya matoleo yetu?
4. Je, kuna kitu nyumbani mwetu ambacho mwenyewe anakitafuta? Kila mtu ajijibu mwenyewe mbele za Mungu, kisha tuombe kimya.

Mungu wa Abramu, aliyemleta Lutu nyumbani, awalete nyumbani wote ambao bado wako mbali, na atupe mikono safi ya kuwapokea. Amina.